Ikiwaka Taa ya Oili, Zima Injini

Katika taa zote za dashibodi ya gari la zamani, ipo moja isiyokupa nafasi ya kufikiri. Taa ya chaji ikiwaka, waweza kufika nyumbani kwa betri. Sindano ya joto ikianza kupanda, una muda wa kupunguza mwendo na kuchagua pa kusimama. Taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili linalodondosha tone haina huruma hiyo. Inasema kwamba vyuma vinavyozunguka mara elfu mbili na zaidi kwa dakika huenda vimebaki vikavu. Sekunde kadhaa zinatosha kukwangua beringi, na dakika chache zinatosha kuikamata krankishafti isizunguke tena. Injini ya dizeli iliyotunzwa miaka thelathini hufa hivyo, mchana kweupe, kwa sababu dereva alitaka afike kijijini kwanza ndipo aangalie.

Nawaandikia wenye mabasi madogo ya zamani yaliyogeuzwa nyumba ya kutembea. Hapa Kindu, mkoani Maniema, jambo hilo si anasa. Mfanyabiashara anayepeleka bidhaa Kibombo au Kalima, au timu inayozunguka vijiji vya Kailo, anajua kwamba msimu wa mvua tope linaweza kumlaza porini. Basi ametoa viti vya nyuma, akaweka kitanda cha mbao, jiko, madumu ya maji na taa za betri. Magari yenyewe ni yale tunayoyajua: Toyota HiAce za dizeli, Mercedes 207 ambazo watu wa Kinshasa walizibatiza jina la kutisha la esprit de mort, na mara mojamoja Kombi ya Volkswagen ya msafiri anayevuka bara. Nayapenda magari haya. Yalitengenezwa ili fundi mwenye spana na akili aweze kuyafungua na kuyafunga. Lakini kipuri chake kikubwa hakipatikani kona ya barabara. Huja kwa reli kutoka Lubumbashi, kwa treni isiyo na siku maalumu. Huja kwa ndege. Au hupanda mto kutoka Ubundu, zaidi ya kilomita 300 kwa njia ya Lualaba. Injini iliyokufa Kindu, mara nyingi ni gari lililokufa.

Kwa hiyo, taa ikiwaka ukiwa njiani, ondoa mguu kwenye mafuta, kanyaga klachi, sogea pembeni kwa mwendo uliobaki, simama, zima. Usichomoe ufunguo gari likiwa bado linatembea, kwa maana usukani utajifunga. Kumbuka pia kwamba kwenye dizeli nyingi za zamani pampu ya vakyumu ya breki husimama pamoja na injini: utakanyaga mara moja au mbili breki ikiwa laini, kisha itakuwa nzito kama ukuta. Ukiwa kwenye mteremko mkali, simamisha gari kwanza ndipo uzime. Baada ya hapo usiwashe tena "kuona kama itazimika". Kila unapowasha kujaribu, unamega beringi.

Sasa kuna muda. Shuka, weka jiwe nyuma ya gurudumu, pumua. Angalia chini ya gari kabla ya kufungua kitu chochote. Je, kuna mstari wa oili barabarani ulikotoka? Je, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imebonyea au inavuja? Katika barabara zetu jiwe au kisiki hugonga sampu bila dereva kusikia, hasa gari likiwa limebeba kitanda, maji na mizigo, springi zimelala. Sampu ikibonyea kwa ndani, chuma chake kinaweza kuuziba mdomo wa bomba linalofyonza oili. Hapo utakuta oili imejaa kwenye kijiti cha kupimia na presha haipo kabisa.

Hilo linanifikisha kwenye kosa ninalolisikia kila wiki. Mtu anapima oili, anaikuta iko juu ya alama, anasema taa ni mbovu, anaendelea na safari. Fundi mmoja wa Mikelenge humjibu mteja wa namna hiyo kwa maneno machache: "Papa, oili iko. Presha ndiyo haiko." Ni kweli tupu. Kwenye magari haya taa haipimi wingi wa oili. Inapima kama pampu inaisukuma oili kwenye mishipa ya injini kwa nguvu ya kutosha. Oili inaweza kujaa na presha ikawa sifuri. Vilevile oili inaweza kupungua lita nzima bila taa kusema neno, mpaka siku bomba litakapofyonza hewa.

Pima kijiti hata hivyo, na upime vizuri. Gari liwe mahali tambarare, subiri kama dakika kumi oili ishuke, futa kijiti, kirudishe, kitoe tena, usome mara mbili. Kati ya alama ya chini na ya juu, injini nyingi za aina hii hubeba lita moja au zaidi kidogo. Usijaze kupita alama ya juu ukidhani unajihami: oili ikizidi sana hupigwa na krankishafti, huingiwa na hewa, na oili yenye povu haishiki presha. Kwenye HiAce injini iko chini ya viti vya mbele, inabidi uinue kiti ndipo uifikie. Najua kiti hicho kimewekewa godoro na mfuko wa mchele juu yake. Kiinue. Magari mengi ya namna hii hayafi kwa ubovu wa kiwanda, hufa kwa sababu kupima oili kulikuwa usumbufu. Unapotengeneza kitanda au kabati, mwambie seremala aache nafasi ya kufika kwenye kijiti bila kuhamisha nyumba nzima. Kwenye Kombi tatizo ni jingine: injini iko nyuma, dereva hasikii ikianza kugonga, kwa hiyo taa ndiyo sikio lake la pekee.

Nusa oili iliyo kwenye kijiti. Ikinuka petroli au dizeli, na kiasi chake kimepanda badala ya kushuka, mafuta ya gari yanaingia kwenye oili na kuifanya nyepesi. Kwenye injini ya petroli yenye kabureta, mara nyingi ni kiwambo cha pampu ya petroli kilichotoboka. Kwenye dizeli, shuku nozeli inayovuja, au pampu ndogo ya kupandisha dizeli ikiwa imefungwa kwenye ubavu wa injini. Dondosha tone kwenye karatasi safi uliache kidogo: oili nzima hukaa mduara uliotulia, oili iliyochanganyika na mafuta huacha duara pana jepesi linalotambaa nje. Na ukiona oili imekuwa nyeupe kama uji wa maziwa, ni maji, ama kwa gasketi ya silinda hedi iliyoungua, ama kwa dimbwi ulilovuka jana likafika juu kuliko ulivyodhani. Oili ya namna hiyo usiiendeshee hata mita moja. Imwage.

Fundi mzuri hakuulizi kwanza kama taa imewaka. Anauliza imewaka lini. Jibu lako linaweza kumwokolea siku nzima ya kazi, kwa hiyo liweke akilini kabla hujafika gereji.

Ikiwa iliwaka gari likishuka ukingo wa Lualaba kuingia kivukoni kwenda Alunguli, pua ikiwa chini, kisha ikazimika gari lilipokaa sawa, basi oili ilikimbilia upande mmoja wa sampu na bomba likafyonza hewa. Hiyo kwa kawaida ni oili iliyopungua. Kona kali na breki za ghafla hufanya vivyo hivyo. Ni onyo la bei nafuu kuliko yote, na anayelipuuza ameliomba lile la ghali. Ikiwa inapepesa tu baada ya safari ndefu, injini ikiwa moto na ikiwa kwenye ralanti, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha ukikanyaga mafuta kidogo inazimika, oili imekuwa nyepesi au nafasi za beringi zimepanuka, au swichi imechoka. Ikiwa inazimika kwenye ralanti na kuwaka ukikimbia, hiyo ni hatari zaidi, ingawa wengi huiona ndogo: chujio la kufyonzea limeziba kiasi kwamba pampu ikizunguka kwa kasi haipati oili ya kutosha. Na ikiwa imewaka dakika chache baada ya vidanje, yaani kubadilisha oili, rudi kwenye kazi iliyofanyika. Mara nyingi ni mpira wa filta ya zamani uliobaki umegandia kwenye injini, filta mpya ikafungwa juu yake; mipira miwili haishiki, oili yote humwagika ardhini kwa muda mfupi mno. Kila filta ya zamani inapotoka, iangalie imetoka na mpira wake.

Kuna pia swali la kinyume. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, huna gari zima, una gari bubu. Swichi ya oili ni kitu rahisi sana: injini ikiwa imezimwa, inaunganisha waya na mwili wa injini na taa inawaka, presha ikifika kiasi cha bar 0.3, inaachia na taa inazimika. Kwa sababu hiyo waya uliokatika hauwashi taa kamwe. Utakaa kimya mpaka injini ikamate. Waya uliochubuka na kugusa chuma unawasha taa wakati wote. Kati ya hizo mbili, mimi namwogopa bubu. Kila asubuhi, kabla ya kupiga stata, tazama taa imewaka. Ni kazi ya kupepesa jicho.

Kwenye gari-nyumba, waya ni mshukiwa wa haki, kwa sababu baada ya kiwanda wamepita mafundi wengi. Mmoja alivuta waya za taa za kitandani, mwingine akaongeza paneli ya sola, wa tatu akapiga skrubu ya kabati katikati ya furushi la waya bila kujua. Jaribio ni jepesi. Chomoa waya kwenye swichi ya oili, fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa ikizimika, waya haujagusa chuma. Taa ikibaki inawaka, waya umegusa chuma mahali fulani kati ya injini na dashibodi, ufuate kwa mkono. Kisha ugusishe waya huo kwenye chuma cha injini: taa iwake. Isipowaka, balbu au waya umekatika. Uwe mwangalifu ukiwa na Kombi ya kizazi cha tatu, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1979. Nyingi za baadaye zina swichi mbili, moja ya bar 0.3 na nyingine ya bar 0.9 inayosikilizwa injini ikipita mizunguko 2,000 kwa dakika, pamoja na king'ora. Mfumo huo haujaribiwi kwa kuchomoa waya mmoja tu, na waya uliokatika wa swichi ya pili unaweza kupiga king'ora wakati presha ni nzuri.

Swichi yenyewe hufa pia. Ukiona oili imejaa ndani ya plagi yake, au inatoka kwenye plastiki ya katikati, imekwisha. Ni kipuri kidogo, nunua mbili, weka moja ndani ya gari. Kwenye Toyota uzi wake ni wa inchi 1/8, na umechongwa kwa umbo la kupungua, kwa hiyo hukaza wenyewe. Ukiikaza kwa nguvu za bega utapasua chuma inapofungwa. Usiizungushie tepu nyeupe tabaka kwa tabaka, kwa sababu swichi inategemea uzi huo kupata umeme wa mwili wa injini.

Hata hivyo kubadilisha swichi na kuona taa imezimika si uthibitisho. Swichi mpya inaweza kuwa ya kiwango kingine, inayokubali presha ndogo zaidi. Linaloamua ni kipimo, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Manomita ya oili, ile saa ya mviringo ya bar 0 hadi 10 yenye mpira mgumu na vichwa vya kufungia, ni bei ndogo ukilinganisha na seti ya beringi. Ikiwa una gari la zamani Maniema, nunua yako mwenyewe. Kama huwezi, ungana na wenye magari wenzako watatu mnunue moja. Usikubali injini ifunguliwe kabla haijapimwa. Nimeona silinda hedi ikishushwa, sampu ikitolewa, pesa za familia zikiisha, na mwisho wake ni swichi. Nimeona pia kinyume chake, mtu akibadilisha swichi mara ya pili na ya tatu huku krankishafti ikiliwa.

Namna ya kupima ni hii. Toa swichi, funga mpira wa manomita mahali pake, hakikisha haugusi bomba la moshi wala feni, kwa sababu oili ya moto ikirukia bomba la moshi inaweza kuwaka. Washa injini ukiwa umeitazama saa. Ikikaa sifuri sekunde chache, zima papo hapo. Ikipanda, acha injini ipate moto wa kazi kabisa. Presha ya asubuhi ni nzuri hata kwenye injini mbovu na haina la kukuambia. Kisha soma kwenye ralanti, halafu kwenye mizunguko 3,000. Kwa dizeli za Toyota za ukoo wa 2L na 3L, kiwanda kinataka angalau bar 0.3 kwenye ralanti, na kati ya bar 2.5 na 6 kwenye mizunguko 3,000. Kwa dizeli ya Mercedes ya silinda nne, ile ya lita 2.4 iliyowekwa kwenye 207 nyingi, tarajia nusu bar na zaidi kwenye ralanti na saa ipite bar 3 ukikimbia. Kama hujui namba za injini yako, mafundi wengi duniani hutumia kanuni ya bar 0.7 kwa kila mizunguko elfu. HiAce nyingi hazina saa ya mizunguko. Mwachie fundi mwenye sikio akanyage, wewe usome.

Porini bila manomita, kuna jaribio la dharura. Chomoa waya wa soleno, ile valvu ya umeme inayofungua dizeli, ili injini isiwake, toa swichi, weka kitambaa, mwambie mwenzako apige stata kwa sekunde chache. Oili ikiruka kwa nguvu kwenye tundu, pampu inafanya kazi, na sasa una sababu ya kuishuku swichi. Isipotoka kitu, usiwashe tena. Jaribio hili linathibitisha kwamba oili inafika, halisemi inafika kwa presha ngapi. Lisikupe ujasiri wa kwenda Kasongo.

Sasa dawa inayopendwa kuliko zote: oili nzito. Lazima tuielewe ili tusiidanganye injini wala kujidanganya. Oili ya 15W-40 ikiwa na nyuzi 40 za joto ina unato wa kama sentistoki 105 hadi 110. Ikifika nyuzi 100, unato huo huanguka hadi kama 14. Ndiyo maana taa hupepesa alasiri, gari likitoka kupanda mlima kwa gia ya pili, wala si asubuhi. Oili yenye 50 upande wa kulia, mfano 20W-50, hubaki nzito zaidi kwenye joto hilo, na kwa kuwa Kindu hakuna baridi ya kuizuia asubuhi, sioni ubaya kuitumia kwenye injini ya zamani iliyokwisha kupimwa na kuonekana inakaribia mpaka wa chini. Ubaya ni kuimimina kabla ya kupima. Kama chujio limeziba, oili nzito inapita kwa shida zaidi. Kama beringi zimekwisha, unanunua majuma machache na kulipa krankishafti. Sina imani kabisa na vichupa vya kuongezea vinavyoahidi kurudisha ujana wa injini.

Muhimu kuliko unene ni asili ya oili. Ile inayopimwa kwa chupa pembeni ya barabara, isiyo na jina, inaweza kuwa iliyotumika ikachujwa. Nunua galoni iliyofungwa, angalia kifuniko hakijafunguliwa, soma mgongoni: kwa dizeli tafuta herufi zinazoanza na C, kama CF-4 au CI-4, herufi zinazoanza na S ni za petroli, na galoni nyingi huwa na zote mbili. Kama gari lako huingia vumbini na topeni, badilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema. Oili iliyomwagwa isiende mtoni. Watu wa Lualaba wanakunywa maji hayo. Ikusanye kwenye dumu, mafundi seremala huitumia kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Tuseme kipimo kimethibitisha presha ni ndogo. Anza na yaliyo mepesi: oili mpya, filta nzuri. Filta ya bei rahisi isiyo na kiwambo cha kuzuia oili isirudi chini huacha injini kavu kila asubuhi, ndiyo maana taa inakaa sekunde nyingi kabla ya kuzimika. Pima tena. Kama haijabadilika, shusha sampu kabla ya kugusa kitu kingine.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndani ya sampu ndimo ninamoona ajali nyingi zilizotengenezwa na mikono yetu. Gasketi ya karatasi haipatikani, fundi anapaka gundi ya silikoni. Hilo halina kosa, ikipakwa kama uzi mwembamba kwenye uso uliofutwa mafuta. Lakini anapaka kama siagi ya mandazi, na boliti zikikazwa nusu yake inabanwa kuelekea ndani. Baada ya majuma, vile vipande vyekundu au vya rangi ya machungwa vinakatika, vinaogelea, na vyote huishia kwenye wavu wa chujio la kufyonzea. Ukilitoa chujio hilo ulishike kwenye mwanga wa jua utaona matundu yamezibwa na vipande laini vya mpira, vingine virefu kama minyoo, vimebanwa pamoja na tope jeusi. Uking'oa kipande kimoja kwa kibano, kingine kinafuata. Injini iliyokuwa nzima ilikuwa inakosa pumzi kwa sababu ya gundi. Hiyo ndiyo sababu pia naogopa ule mtindo wa kuosha injini kwa kuchanganya mafuta ya taa ndani ya oili na kuiacha ingurume. Kwenye injini iliyokaa na tope la miaka, uchafu hutoka kwenye kuta zote kwa mkupuo mmoja na kuliziba chujio. Safisha polepole, kwa vidanje mbili tatu za karibu karibu.

Chujio likiwa safi, angalia valvu ya kupunguza presha. Ni kipistoni kidogo na springi. Chembe moja ya chuma ikikishikilia wazi, oili inarudi kwenye sampu badala ya kwenda kwenye beringi. Kwenye Kombi zinazopozwa kwa hewa inafunguliwa kutoka nje, chini ya injini, kwa bisibisi pana. Kwenye injini nyingine iko ndani ya pampu. Kisha pampu yenyewe: mikwaruzo mirefu kwenye meno na kwenye mfuniko wake inasema imemeza mchanga.

Mwisho ndipo beringi. Kwa kuwa sampu imeshushwa tayari, unaweza kufungua kofia moja ya konrodi na kutazama. Beringi nzima ni ya kijivu isiyong'aa, sawasawa kote. Ukiona rangi ya shaba imetokeza, tabaka la juu limekwisha. Hesabu yake ni kali: kwa presha ileile na oili ileile, nafasi ikipanuka mara mbili, oili inayotoroka pembeni inakuwa mara nane. Ndiyo maana injini huvumilia miaka mingi kisha presha ikaporomoka kwa msimu mmoja. Kama krankishafti haijakwaruzwa, beringi mpya za saizi ileile zinatosha. Kama ukucha wako unakwama kwenye mfereji, inahitaji kuchongwa, na hiyo ni kazi ya mashine, si ya msasa. Kataa msasa hata kama umechoka kusubiri.

Na kama uko mbali, kati ya vijiji viwili, injini haina presha? Vutwa. Lipa lori likuvute, ulale usiku mbili kwenye kitanda chako ukisubiri lori; kwa hilo angalau gari-nyumba lilitengenezwa. Kama ulipopima umekuta oili imepungua, huoni uvujaji mkubwa, umejaza mpaka alama, na taa imezimika ndani ya sekunde chache bila sauti ya kugonga chini, unaweza kwenda taratibu, huku ukisimama na kupima tena baada ya kilomita chache. Ukisikia kugonga kuzito kunakofuata mguu wako kwenye mafuta, hata taa ikizimika, safari imekwisha.

Siku ya kuwasha baada ya matengenezo, usimruhusu mtu yeyote apige stata na kukanyaga mafuta kwa furaha. Filta ijazwe oili kama inasimama wima, pampu ipakwe oili kabla ya kufungwa. Acha manomita ikiwa imefungwa. Chomoa waya wa soleno, piga stata kwa vipindi vya sekunde kumi, pumzisha stata katikati, mpaka sindano isogee. Ndipo urudishe waya, uwashe, uache kwenye ralanti, mmoja akitazama saa na mwingine akiwa chini na tochi akitafuta uvujaji. Ikishapata moto, soma namba mbili, ya ralanti na ya mizunguko 3,000, uziandike kwa wino usiofutika upande wa ndani wa mlango wa dereva, pamoja na tarehe, kilomita na aina ya oili. Pima tena baada ya kilomita mia moja za kwanza, halafu kila vidanje, uandike chini ya zile.